Mafuta Yakipanda, Nauli Hupanda. Yakishuka Je?

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu zaidi ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kuuza lita moja ya petroli, dizeli na mafuta taa. Bei hiyo huanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 15 na hudumu mwezi mmoja.

Mkazi wa Rukanga, Bungule, Jora, Kiteghe au Makwasinyi, katika wadi ya Kasigau, mara nyingi hakutani na bei hiyo kwenye pampu. Hukutana nayo mlangoni mwa matatu ya kwenda Maungu na Voi, au anapopanda bodaboda, anapoambiwa kwamba nauli imeongezwa kwa sababu mafuta yamepanda. Hilo linaeleweka, kwani gari haliendi kwa maji. Swali wanalouliza wakazi wengi ni la pili: bei ya mafuta ikishuka, ile nyongeza huenda wapi?

Makala haya yanaeleza nyongeza ya mafuta ni nini, inavyoweza kuhesabiwa na mtu yeyote mwenye kalamu, sheria inasema nini, na ni hatua gani abiria, wenye magari na Serikali ya Kaunti wanaweza kuchukua.

NYONGEZA YA MAFUTA NI NINI

Nauli ni bei ya safari nzima. Ndani yake mna mafuta, mishahara ya dereva na kondakta, bima, vipuri, magurudumu, mkopo wa gari, ada za sacco na faida ya mwenye gari. Nyongeza ya mafuta ni kiasi kinachowekwa juu ya nauli ya kawaida kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba bei ya mafuta imepita kile kiwango ambacho nauli ya kawaida ilipangiwa.

Kwa maana hiyo, nyongeza ya kweli ina tabia mbili. Kwanza, inaonekana peke yake, ili mlipaji ajue nauli ni kiasi gani na nyongeza ni kiasi gani. Pili, inapanda na kushuka pamoja na kile kilichoileta. Ikikosa tabia hizo, inakuwa nauli mpya iliyoingia kwa jina la mafuta.

Wengi wetu tayari tunalipa nyongeza ya aina hii bila kuifikiria. Ukinunua tokeni ya umeme kutoka Kenya Power, sehemu ya pesa zako huenda kwenye gharama ya mafuta yanayotumika katika mitambo ya kuzalisha umeme. EPRA huidhinisha kiwango chake kila mwezi na huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwezi mmoja kinapanda, mwezi mwingine kinashuka, na ndiyo maana pesa zile zile zinaweza kukupa uniti zaidi au pungufu. Unaweza kulalamika kwamba ni ghali, lakini unaweza kuiona na kuilinganisha na ya mwezi uliopita. Katika nauli za matatu, mara nyingi hakuna mstari kama huo wa kutazama.

BEI IMEPANDA NA KUSHUKA VIPI

Ili kuelewa malalamiko ya pande zote mbili, tazama safari ya bei ya dizeli, ambayo ndiyo mafuta ya matatu nyingi. Bei zifuatazo ni za Nairobi, mji ambao hutumiwa zaidi kama kigezo cha kitaifa. Bei za Pwani huwa chini kidogo kwa kuwa mafuta hushushwa Mombasa.

Septemba 2022: dizeli ilipanda kutoka Sh140 hadi Sh165 kwa lita, Serikali ilipopunguza ruzuku.

Oktoba 2023: dizeli ilifika Sh205.47 na petroli Sh217.36.

Desemba 2024: dizeli ilikuwa imeshuka hadi Sh165.06 na petroli Sh176.29.

Julai 2025: dizeli ilipanda kutoka Sh162.91 hadi Sh171.58, na petroli kutoka Sh177.32 hadi Sh186.31.

Kuna sababu kadhaa za mabadiliko haya. Mafuta yote tunayotumia nchini huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola, kwa hiyo bei hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu Sh160. Baadaye mwaka huo ikarudi karibu Sh129, na hilo lilisaidia sana kushusha bei. Ushuru nao una sehemu yake. Ushuru wa ziada ya thamani, VAT, kwa mafuta uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na tozo ya ukarabati wa barabara ikaongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita Julai 2024.

Wakazi huuliza pia kwa nini bei isiwe nafuu hapa ilhali bomba la mafuta la kutoka Mombasa kwenda Nairobi linapita katika kaunti yetu na lina kituo cha kusukuma mafuta Maungu. Kituo hicho kinasukuma mafuta yasonge mbele, hakiuzi. Mafuta ya vituo vyetu huletwa kwa malori, na gharama ya lori imo katika bei unayolipa.

HESABU YA GARI MOJA

Sasa tuchukue mfano. Huu si upimaji wa gari la mtu yeyote. Ni hesabu ya kuonyesha njia, na kila sacco inaweza kuweka takwimu zake.

Tuseme matatu ya viti 14 vya abiria inasafiri kilomita 60, sehemu lami na sehemu barabara ya vumbi, na lita moja ya dizeli inaifikisha kilomita 8. Safari moja itatumia lita 7.5.

Kwa bei ya Oktoba 2023, lita 7.5 zingegharimu Sh1,541. Kwa bei ya Desemba 2024, lita zile zile zingegharimu Sh1,238. Tofauti ni Sh303 kwa safari nzima.

Gari likijaa abiria 14, tofauti hiyo ni karibu Sh22 kwa kila mmoja. Likiwa na abiria 10, ni Sh30. Likiwa na abiria 7, ni Sh43.

Hesabu hii inatufundisha mambo matatu.

La kwanza, mafuta yalipopanda, wenye magari hawakuwa wakisingizia. Gari lililokuwa na abiria wachache lilibeba mzigo mkubwa.

La pili, mafuta yaliposhuka, palikuwa na nafasi ya kweli ya kupunguza nauli. Kushuka kwa Sh40 kwa lita katika mwaka mmoja na kidogo si senti za kupuuzwa. Iwapo abiria aliongezewa Sh30 mwaka 2023 kwa sababu ya dizeli, kufikia Desemba 2024 dizeli haikuwa tena sababu.

La tatu, si kila ongezeko la mafuta linatosha kueleza ongezeko la nauli. Julai 2025 dizeli ilipanda kwa Sh8.67. Katika gari letu la mfano, hiyo ni Sh65 kwa safari, yaani Sh6.50 kwa kila mmoja wa abiria 10. Anayeongeza Sh50 kwa abiria kwa kupanda huko lazima awe na sababu nyingine pia. Huenda sababu hiyo ni halali, lakini basi itajwe kwa jina lake.

Kwa bodaboda hesabu ni ile ile, ila kwa petroli. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita itatumia nusu lita kwa safari ya kilomita 20. Mwendeshaji akirudi bila abiria, ametumia lita nzima. Kati ya Oktoba 2023 na Desemba 2024, petroli ilishuka kwa Sh41 kwa lita, kwa hiyo unafuu wa safari kama hiyo ni kati ya Sh20 na Sh41. Tukumbuke pia kwamba bei ya EPRA ni ya kituo kilichosajiliwa. Kijijini, petroli inayouzwa kwa chupa huwa ghali zaidi, haina uhakika wa ubora, na kuiuza bila leseni ni kinyume cha sheria, licha ya hatari ya moto.

UPANDE WA WENYE MAGARI

Haitakuwa haki kueleza jambo hili kana kwamba mwenye matatu ni mtu wa kujaza mfuko tu. Njia ya Rukanga si njia ya mjini. Abiria wengi huenda Voi asubuhi na kurudi alasiri. Kati ya hapo gari husubiri au husafiri likiwa na viti vitupu. Barabara ya vumbi hula magurudumu, springi na mafuta zaidi ya lami. Vipuri na bima havishuki bei EPRA inaposhusha dizeli.

Sarafu nazo zina mchango wake. Hesabu inaweza kusema Sh6.50, lakini nauli hupangwa kwa makumi. Wakati mwingine mwenye gari huvumilia miezi miwili mitatu ya kupanda kidogo kidogo, kisha huongeza kwa mkupuo. Abiria huona ule mkupuo tu.

Kuna hatari nyingine ambayo wakazi wa vijiji vya mbali wanaijua vizuri. Nauli ikibanwa chini ya gharama, gari huhamishwa kwenye njia yenye faida. Kijiji chenye magari machache kikipoteza moja, anayeumia ni mgonjwa mwenye miadi katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, mwanafunzi anayerudi shuleni, na mama anayepeleka vikapu vya mkonge sokoni. Nauli iliyopanda na isiyoshuka huwaumiza watu hao hao, kwa njia nyingine: miadi inaahirishwa, na faida ya kikapu inaishia njiani.

Kwa hiyo jambo la kutafutwa ni nauli inayoeleweka, ambayo mwenye gari anaweza kuishi nayo na abiria anaweza kuikagua.

WENGINE WANAFANYAJE

Mfano wa karibu unapita hapa hapa Voi. Shirika la Reli la Kenya lilipandisha nauli za treni ya Madaraka Express kuanzia Januari 1, 2024, likieleza kwamba gharama ya mafuta imepanda. Daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa lilitoka Sh1,000 hadi Sh1,500, na daraja la kwanza kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Tangazo lilitolewa mapema na kila msafiri alijua atalipa nini. Lakini ongezeko liliwekwa ndani ya nauli yenyewe, halikutenganishwa kama nyongeza. Dizeli iliposhuka mwaka 2024, hapakuwa na mstari wa kufuta, na Sh1,500 ikabaki kuwa nauli.

Vuka mpaka wa Taveta na Holili, utaratibu ni tofauti. Tanzania ina Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inayopanga nauli ya juu ya mabasi kwa kila kilomita. Kuanzia Desemba 8, 2023, nauli ya juu ya mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida ilipanda kutoka Sh41.29 hadi Sh48.47 za Tanzania kwa abiria kwa kilomita. Msafiri wa kilomita 100 aliweza kujua mwenyewe kwamba kikomo chake ni Sh4,847. Uzuri wa mpango huo ni uwazi. Udhaifu wake ni kwamba hauendi na mwendo wa mafuta: kiwango cha Sh41.29 kilikuwa kimeanza Mei 2022 na kilikaa mwaka mmoja na nusu bila kubadilika.

Kwa usafiri wa ndege, nyongeza ya mafuta ni jambo la kawaida duniani. Mashirika mawili makubwa ya Japani, Japan Airlines na ANA, huipitia nyongeza hiyo kila miezi miwili kwa kufuata wastani wa bei ya mafuta ya ndege katika soko la Singapore. Jedwali huchapishwa, na bei ikishuka chini ya kiwango fulani nyongeza hufutwa kabisa, kama ilivyotokea mwaka 2016.

Lakini nyongeza hizi zinaweza pia kugeuzwa mlango wa hila. Kati ya 2004 na 2006, mashirika ya British Airways na Virgin Atlantic yaliwasiliana kwa siri kuhusu nyongeza ya mafuta kwa safari ndefu, ambayo katika muda huo ilitoka pauni 5 hadi pauni 60 kwa tikiti ya kwenda na kurudi. Virgin Atlantic ilitoboa siri na kuepuka adhabu. British Airways ilikiri kosa, na mwaka 2007 Marekani iliitoza faini ya dola milioni 300, mbali na adhabu ya Uingereza. Mafuta yalikuwa yamepanda kweli wakati huo, ila kilichofanywa gizani ni kupanga nyongeza hiyo.

SHERIA INASEMA NINI

Nchini Kenya, Serikali haipangi nauli za matatu. EPRA hupanga bei ya mafuta, wala si nauli. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, hutoa leseni za magari ya abiria na kusimamia sacco na kampuni zake. Nauli huachwa kwa soko, yaani mapatano kati ya mwenye gari na abiria.

Hata hivyo soko hilo lina mipaka, na ni vizuri mkazi aijue.

Katiba, Kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Haki hiyo inahusu huduma za umma na za watu binafsi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inakataza mtoa huduma kumtoza mteja ada ambayo hakumjulisha kabla, hata kama ada hiyo imepewa jina gani. Kwa lugha ya stegi: nauli na nyongeza yake zitajwe kabla abiria hajapanda, si gari likiwa njiani.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 21, inakataza washindani kukaa pamoja na kupanga bei. Ndiyo maana si sawa kwa sacco mbili zinazoshindana katika njia moja kukubaliana kwamba zote zitaongeza kiasi fulani siku fulani. Kila moja ipige hesabu yake. Malalamiko ya aina hii husikilizwa na Mamlaka ya Ushindani nchini, CAK.

Sheria haimlazimishi mwenye matatu kushusha nauli mafuta yakishuka, na mkazi asidanganywe kwamba kuna agizo kama hilo. Lililopo ni haki ya kujua unalipa nini na kwa nini, na haki hiyo ina nguvu kuliko tunavyoitumia.

KAUNTI INAWEZA NINI

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti majukumu kadhaa yanayogusa suala hili: barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani, usimamizi wa biashara ya haki, na vyama vya ushirika. Upangaji wa nauli haumo. Kaunti haiwezi kutangaza kwamba kutoka Rukanga hadi Voi nauli ni kiasi fulani na kumwadhibu atakayezidisha.

Lakini kaunti inaweza kuwaleta wenye magari na abiria mezani, kuweka mahali pa kubandikia nauli katika vituo vya magari, na kuwapa viongozi wa sacco ushauri wa kutunza hesabu kupitia maafisa wa ushirika. Maafisa wa vipimo na mizani nao hukagua kama pampu inatoa lita kamili, kwa sababu pampu inayopunja ni nyongeza nyingine ya mafuta, hata kama bei iliyobandikwa ni ya EPRA.

Kisha kuna barabara. Tukirudi kwenye gari letu la mfano, kama barabara nzuri ingeliwezesha kwenda kilomita 10 kwa lita badala ya 8, safari ya kilomita 60 ingetumia lita 6 badala ya 7.5. Kwa dizeli ya Sh171.58, huo ni unafuu wa Sh257 kwa kila safari, karibu sawa na ule ulioletwa na kushuka kote kwa bei kati ya 2023 na 2024. Barabara mbovu ni nyongeza ya mafuta isiyotangazwa na mtu.

Wasafiri pia tayari wanachangia ukarabati. Kwa tozo ya Sh25 kwa lita, gari linalotumia lita 7.5 hulipa Sh187.50 za barabara kwa safari moja. Si barabara zote ziko chini ya kaunti. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi husimamiwa na KeNHA, na nyingine za mashambani na KeRRA. Mikutano ya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ndiyo mahali pa kuuliza ni kipande gani kiko chini ya nani, na kitafanyiwa kazi lini. Mkazi anayehudhuria na kuuliza hilo anazungumzia nauli yake moja kwa moja.

PENDEKEZO: KANUNI MOJA INAYOELEWEKA

Je, nyongeza ya mafuta iendelee kutozwa? Jibu linalolinda pande zote ni hili: iendelee pale tu inapotajwa peke yake, inapofungwa na bei ya EPRA, na inapokuwa na njia ya kurudi chini. Pasipo hayo, iondolewe, na mwenye gari atangaze nauli moja na kuitetea.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Katika mfano wetu wa gari lenye abiria 10 na lita 7.5 kwa safari, badiliko la Sh10 katika nauli ni Sh100 kwa gari zima. Hizo Sh100 zinalipia badiliko la Sh13 na senti kidogo kwa lita. Kwa hiyo sacco ya namna hiyo ingeweza kusema: kila dizeli ikipanda Sh13 kutoka kiwango tulichoanzia, tutaongeza Sh10, kila ikishuka Sh13, tutapunguza Sh10. Kwa kanuni hiyo, kushuka kwa dizeli kati ya Oktoba 2023 na Desemba 2024 kungemrudishia abiria Sh30, kwa hatua tatu, bila ugomvi. Na kupanda kwa Julai 2025 kusingebadilisha nauli kabisa, kwa sababu Sh8.67 haifiki Sh13.

Kanuni hii inamfaa pia mwenye gari. Mafuta yakipanda tena, hatakuwa na haja ya kubishana na kila abiria mlangoni. Atawaonyesha karatasi ile ile iliyoshusha nauli mara iliyopita.

Tangazo la kubandika stegi au ndani ya gari linaweza kuwa na mistari mitano tu:

Nauli ya kawaida: Sh ____
Nyongeza ya mafuta: Sh ____
Inaanza tarehe: ____
Itapitiwa tena: tarehe 15 ya kila mwezi
Kigezo: bei ya EPRA ya dizeli, mji wa ____

UNACHOWEZA KUFANYA

Kama wewe ni abiria:

Fuatilia tangazo la EPRA la tarehe 14 kwenye redio, gazeti au simu, na uangalie bei ya mji ulio karibu nawe, si ya Nairobi pekee.

Uliza nauli kabla ya kupanda. Ukiambiwa mafuta yamepanda, uliza kwa upole: yamepanda kwa shilingi ngapi, na nyongeza itapitiwa lini?

Tofautisha nyongeza ya mafuta na nauli ya msimu. Nauli inayopanda shule zinapofunguliwa au mvua inaponyesha haitokani na EPRA, na isitetewe kwa jina la mafuta.

Tunza ushahidi. Ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe wako una tarehe, saa na kiasi. Andika nambari ya gari na jina la sacco. Anza na viongozi wa sacco. Wasipokusikiliza, nenda NTSA kwa masuala ya leseni na mwenendo wa gari, CAK kwa ada za kushtukiza au bei zilizopangwa kwa pamoja, au ofisi ya biashara ya kaunti.

Kama wewe ni kiongozi wa sacco:

Andika mafuta ya kila safari na idadi ya abiria kwa mwezi mmoja. Mali bila daftari huisha bila habari, na nauli bila daftari haiwezi kutetewa mbele ya abiria wala mbele ya mamlaka.

Tangaza mabadiliko siku kadhaa kabla, ya kupanda na ya kushuka. Tangazo moja la kupunguza Sh10 hujenga imani inayodumu kuliko maelezo kumi ya kuongeza.

Kama ni vipuri au bima vilivyopanda, sema hivyo. Abiria wanaoelewa gharama zako ndio watakaokuunga mkono unapodai barabara irekebishwe.

Kama wewe ni mwendeshaji wa bodaboda:

Kubalianeni katika kituo chenu juu ya njia ya kuhesabu mafuta ya safari, ikiwemo ya kurudi bila abiria, na mweleze mteja hesabu hiyo kabla ya kuwasha pikipiki. Bei ya mwisho kila mmoja aipange mwenyewe.

Bei ya mafuta itaendelea kupanda na kushuka, na sehemu kubwa ya sababu zake iko mbali na Kasigau. Kilicho mikononi mwetu ni jinsi mabadiliko hayo yanavyogawanywa kati ya mwenye gari na abiria. Tangazo lijalo la EPRA litatoka tarehe 14. Linganisha bei yake na ya mwezi huu, kisha linganisha na nauli utakayolipa.